Maureen O'Hara hakuteuliwa Oscar hata mara moja. Mnadhani tatizo lilikuwa nini?

#1 Kisiki wa Ngamiani

Wana jukwaa, habari za jioni. Naomba tusaidiane jambo linalonikera.

Jumamosi nilikaa na mama tukaangalia The Quiet Man, filamu ya mwaka 1952. Kijana wa Kiayalandi aliyekulia Marekani (John Wayne) anarudi kijijini kwao, anamwona mwanamke wa nywele nyekundu akichunga kondoo, na hapo hapo hana ujanja tena. Mwanamke huyo, Mary Kate, ni Maureen O'Hara. Mama yangu akiwekewa filamu huwa analala kabla majina hayajaisha kupita. Siku hiyo hakupepesa macho.

Nikaingia kumsoma. Kazaliwa Ranelagh, Dublin, 17 Agosti 1920, jina la ukoo FitzSimons. Akiwa na miaka 14 tu alishaingia Abbey Theatre, jumba kubwa la maigizo la Ayalandi. Mwaka 1939 yuko kwenye Jamaica Inn ya Hitchcock, na mwaka huo huo anacheza Esmeralda kwenye The Hunchback of Notre Dame. Ameigiza zaidi ya miaka thelathini mfululizo, na wapiga kura wa Oscar hawakumteua hata mara moja. Walikuja kumpa Oscar ya heshima Novemba 2014, ana miaka 94. Mwaka uliofuata, 24 Oktoba, akafariki huko Boise, Idaho.

Dai langu ni kwamba aliponzwa na mdomo wake. Mwaka 1945 alilalamika gazetini kwamba kwa kuwa hawaruhusu watayarishaji na waongozaji kumbusu na kumshikashika, wamemzushia kuwa ni mwanamke baridi, jiwe. Alikuwa mke wa mtu, ana mtoto mchanga. Mtu wa namna hiyo siku ya kura nani atamsemea?

Karibuni.

#2 Chuma Chakavu

Nimeshika nafasi ya mbele. Huyu si ndiye Jane wa Tarzan?

#3 Mzee wa Vuga

Siye, mwanangu. Jane wa Tarzan ni Maureen O'Sullivan, naye Mwayalandi, mzaliwa wa Boyle, Roscommon, mwaka 1911. Maureen wawili, na wote wawili wana "O" mbele ya jina, watu huwachanganya tangu zamani.

Na kwa kuwa umemtaja Tarzan: ile Tarzan the Ape Man ya 1932 haikupigwa picha Afrika. Kampuni ilikuwa na mikanda iliyobaki ya Trader Horn, ambayo kweli ilipigwa huku kwetu Afrika Mashariki, wakaichomeka humo. Sisi kwenye sinema ya Majestic pale Unguja tulikuwa tunapiga kelele tukiona viboko na mamba, kumbe Jane mwenyewe hajawahi kukutana nao. Baba yangu hakukubali hata nilipomweleza.

#4 Chuma Chakavu

Shikamoo Mzee. Miaka yote naamini ni mtu mmoja. Nimejifunza.

#5 Kandili

Kisiki, mimi nakupinga kidogo. Mdomo walikuwa nao wengi. Bette Davis aliburuzana na studio yake hadi mahakamani, na bado alikuwa na Oscar mbili kabani.

Kilichomponza O'Hara ni rangi. Nywele nyekundu, macho ya kijani, na Technicolor, teknolojia ya filamu za rangi, ndiyo imeshika kasi. Wakamwita Malkia wa Technicolor. Ukishapewa cheo hicho unapangiwa filamu za maharamia, majumba ya kifalme na jangwa, kazi yako kusimama mbele ya kamera uonekane. Tazameni orodha: The Black Swan, Sinbad the Sailor, Bagdad, Flame of Araby. Nani atatoa tuzo ya uigizaji kwa Flame of Araby?

Halafu mkataba wake uligawanywa kati ya studio mbili, RKO na Fox. Mtoto wa mama wawili hulala njaa. Kila studio inasubiri mwenzake ndiye ampiganie.

#6 Mwana Sur

Kandili, huku kwetu Oman usimseme Sinbad vibaya. Watu wa Sohar wanahesabu ni mtu wao. Hiyo filamu ya 1947 nimeiona. O'Hara ni Shireen, mavazi ya kupendeza, lakini jahazi lile lingetiwa baharini Sur mafundi wetu wangelia. Hata hivyo mwangalie anavyomjibu Douglas Fairbanks Jr. Hacheki ovyo, hajilegezi. Kwenye filamu ya mapambo vile vile anaigiza.

#7 Kisiki wa Ngamiani

Kandili, hoja ya rangi ina tobo. How Green Was My Valley ya 1941 ni nyeupe na nyeusi. Rio Grande ya 1950 vile vile. Rangi haikumfunika humo, na bado hawakumwona.

#8 Kandili

Kweli. Ila hiyo ya 1941 alikuwa na miaka 21, nafasi yake ndogo kuliko ya wengine. Nabaki na hoja ya mkataba.

#9 Hakimu wa Soko

Tuweke kumbukumbu sawa kabla uzi haujaenda mbali. Tuzo za Oscar za uigizaji hazitolewi kwa historia ya mtu, zinatolewa kwa mwaka husika. Kwa hiyo tuulize: mwaka wa The Quiet Man nani walimzidi? Walioteuliwa kwa mwigizaji bora wa kike ni Shirley Booth, Joan Crawford, Bette Davis, Julie Harris na Susan Hayward. Akashinda Shirley Booth, kwa nafasi aliyokuwa ameshaicheza jukwaani Broadway. Sasa mleta mada, utamtoa nani hapo umwingize O'Hara?

The Quiet Man yenyewe haikudharauliwa. Iliteuliwa mara saba, ikabeba mbili: mwongozaji John Ford, ikiwa Oscar yake ya nne ya uongozaji, na upigaji picha.

#10 Kisiki wa Ngamiani

Ningemtoa Crawford. Na sikuombi radhi.

Lakini Hakimu, umenisaidia bila kutaka. Filamu imeteuliwa mara saba, mpaka Victor McLaglen aliyecheza kaka yake kateuliwa. Yeye ambaye filamu nzima inamzunguka, hakuna. Wewe huoni kitu hapo?

#11 Hakimu wa Soko

Naona ushindani. Kundi la waigizaji wasaidizi wa kiume lilikuwa jepesi zaidi.

#12 Nesi wa Galway

Habari zenu. Mimi ni Mkenya, nafanya kazi ya uuguzi huku Galway mwaka wa tisa sasa. Kijiji cha Cong, walikopiga picha The Quiet Man kiangazi cha 1951, kiko Mayo, si mbali na kwangu. Nimeenda mara mbili, mara ya pili na wagonjwa wangu wazee waliopelekwa matembezi. Bibi mmoja alikuwa ananionyesha kila ukuta: hapa alipita, hapa aliburutwa. Kwa wazee huku, O'Hara hahitaji Oscar ya mtu.

Niongeze sababu ambayo hamjaigusa. Mwaka 1946 alipokuwa anachukua uraia wa Marekani, karatasi zilimtaka aukane utii kwa Uingereza. Akakataa. Akasema siwezi kukana kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho, mimi ni Mwayalandi. Alishindana na maofisa na hakimu mpaka wakamwandika Mwayalandi. Kumbukeni amezaliwa 1920, kabla Dola Huru ya Ayalandi haijaundwa 1922, kwa hiyo kwa makarani alikuwa Mwingereza tu. Hollywood ya miaka ile ilikuwa imejaa Waingereza. Sidhani walilisahau.

#13 Mzee wa Vuga

Binti yangu, umenigusa. Sisi pasi zetu za zamani ziliandikwa watu walio chini ya ulinzi wa Waingereza. Marehemu kaka yangu aliitunza pasi ile mpaka karatasi zikamong'onyoka, akisema aonyeshe wajukuu walivyotuandika. Huyo mwanamke namwelewa sana.

#14 Makwaia Mdogo

Nesi, hoja ya Uayalandi siikubali, na nina ushahidi kutoka humo humo ndani.

How Green Was My Valley, ile ile ya 1941: aliyecheza mama, Sara Allgood, ni mtoto wa Dublin na mkongwe wa Abbey. Aliteuliwa Oscar ya mwigizaji msaidizi kwa filamu hiyo hiyo. Miaka mitatu baadaye Barry Fitzgerald, Abbey vile vile, akateuliwa mara mbili kwa nafasi moja kwenye Going My Way, kama mwigizaji mkuu na kama msaidizi, akashinda ya msaidizi. Hao wote lafudhi yao ni ya Dublin na hakuna aliyewanyima.

#15 Nesi wa Galway

Makwaia, hilo la Allgood sikulijua, asante. Lakini wote uliowataja wanacheza wazee wa kuchekesha au mama wa jikoni. Mwayalandi wa kuchekesha alikubalika siku zote. Mwayalandi mrembo, mrefu, anayesimama wima na kusema hapana, huyo ni habari nyingine. Mwanamke wa kwanza wa Ayalandi kushinda Oscar ya uigizaji alikuwa Brenda Fricker kwa My Left Foot, na alicheza mama.

Kwa wanaofuatilia: Ruth Negga, mwigizaji aliyeteuliwa Oscar kwa filamu ya Loving, kazaliwa Addis Ababa, baba Mwethiopia na mama Mwayalandi, akakulia Limerick. Huku tunamshangilia sana, hasa sisi watoto wa Afrika.

#16 Beki Tatu

Samahani kuingilia kati. Ni kweli baba yake O'Hara alikuwa na hisa Shamrock Rovers, timu ya soka ya Dublin? Nilisoma mahali.

#17 Nesi wa Galway

Ni kweli. Na yeye aliipenda Rovers maisha yake yote. Mama yake alikuwa mwimbaji, sauti nzito ya kike, kwa hiyo nyumbani kulikuwa na mpira na muziki.

#18 Beki Tatu

Basi kwangu kashashinda. Endeleeni.

#19 Mwalimu Muheza

Nimesoma michango yote. Ninachoshangaa, mleta mada amemtambulisha kama mwigizaji wa jukwaani halafu jukwaa mmelisahau.

Abbey aliingia kijana, na kabla hajapata nafasi kubwa akaitwa London kufanyiwa majaribio ya kamera. Majaribio yenyewe hayakuwa mazuri, walimpaka marangi na kumvika gauni la kumeta, lakini mwigizaji Charles Laughton akayaona macho yake na hakuyasahau. Yeye na mshirika wake Erich Pommer wakampa mkataba na kumwondolea jina la FitzSimons, eti ni refu mno kwa ubao wa nje wa sinema. Hakupenda. Akaambiwa achague O'Mara au O'Hara. Alirudi jukwaani mwaka 1960, Broadway, mchezo wa nyimbo ulioitwa Christine. Ulichezwa mara 12 ukafungwa. Kwa hiyo tukimpima kwa jukwaa, tuwe wakweli, jukwaa halikumkuza.

Kama mnataka Mwayalandi wa jukwaani hasa, mtafuteni Siobhán McKenna. Alianza kwa kuigiza kwa lugha ya Kiayalandi pale Galway, na Saint Joan ya Shaw aliifasiri mwenyewe kwa Kiayalandi akaicheza, kabla ya kwenda kuicheza London kwa Kiingereza. Nilipokuwa nafundisha fasihi kidato cha tano niliwaambia wanafunzi wangu: Mwalimu Nyerere alipofasiri Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963 alikuwa anafanya kazi ya aina moja na mwanamke huyu, anaionyesha lugha yake kuwa haishindwi na kitu.

#20 Kandili

Mwalimu, asante kwa hilo la McKenna. Ila kusema jukwaa halikumkuza nadhani ni kumwonea. Jinsi anavyotembea kwenye The Quiet Man, mabega yale, sauti inayofika ukuta wa nyuma, hayo hayafundishwi na kamera.

#21 Mama Wawili

Jamani mimi swali langu ni jingine. Nimeangalia hiyo filamu jana usiku kwa sababu ya uzi huu. Kwa nini anang'ang'ania mahari namna ile? Mume ana hela zake, anampenda, kamwambia hataki kitu. Yeye anamfungia mlango wa chumba kwa sababu kaka hajatoa mahari. Kwetu Usukumani mahari anadai baba, na anaidai kwa mume. Hapa kaka wa mke ndiye anayedaiwa?

#22 Makwaia Mdogo

Si mahari ya kwetu hiyo, ndiyo maana inachanganya. Ayalandi ya vijijini mke ndiye alikuwa anakwenda na fungu kwa mume: fedha, samani, pengine ng'ombe. Mara nyingi familia ya mume ililitumia fungu hilo kumwozesha dada wa bwana harusi. Kwa hiyo pesa inazunguka kijijini kutoka bibi harusi mmoja hadi mwingine. Asiye na fungu alikuwa haolewi, au anaolewa anaitwa mzigo.

#23 Mwana Sur

Mimi naona ameishika kama mahari ya Kiislamu, ile ambayo ni haki ya mwanamke mwenyewe mkononi mwake. Sikilizeni anachosema: vile vitu ni vya mama yake, ndivyo alivyokuwa akivitamani tangu mdogo. Bila hivyo anabaki mtumishi, ametoka tu nyumba ya kaka kuingia nyumba ya mume. Hapiganii pauni 350, anapigania hadhi yake.

#24 Mama Wawili

Ndiyo maana mwishoni pesa inapotolewa anafungua mlango wa tanuri la mashine ya kupuria na mume anaitupa ndani! Nililia pale na sikujua ninalilia nini. Mimi niliolewa mwaka wa shida, wazee wakasema mahari tutaimalizia. Haijamalizwa mpaka leo, miaka kumi na sita. Mume wangu ni mtu mwema sana na wala sihitaji ng'ombe. Lakini kila shughuli ya ukoo kuna shangazi mmoja lazima akumbushe. O'Hara aliigiza kitu ambacho sijawahi kuweza kumweleza mume wangu.

#25 Kisiki wa Ngamiani

Mama Wawili, pole dada, na asante. Mwonyeshe shemeji hiyo filamu.

#26 Fundi Mikanda

Wakuu, mnazunguka mbuyu. Jibu la swali la mleta mada ni John Ford. Kafanya naye filamu tano, na Ford ndiye aliyekuwa anapendwa na wapiga kura. Lakini Ford hakutaka mtu ang'ae kumzidi, hasa huyu mwanamke. O'Hara mwenyewe ameandika kwenye kumbukumbu zake kwamba Ford aliwahi kumpiga ngumi ya taya mbele za watu kwenye karamu, bila sababu. Kwenye tukio la kuburutwa shambani, Ford na Wayne walijaza mavi ya kondoo njiani, na kuosha nguo wakakataza. Kwenye tukio la kumpiga Wayne kofi, Wayne alikinga, mfupa wa mkono wa O'Hara ukapasuka, akaendelea na kazi.

Mimi nimeigiza kikundi cha mtaani miaka sita. Mwongozaji wetu alikuwa hivyo hivyo. Akikuona umepigiwa makofi mengi kuliko alivyopanga, kesho yake anakupunguzia maneno. Nilikuwa na tukio la kilio ambalo watu walikuwa wanalisubiri, alilifuta wiki ya maonyesho kwa maelezo kwamba linachelewesha. Nikaacha. Siwezi kumwona O'Hara pale bila kujikumbuka.

#27 Hakimu wa Soko

Pole sana mkuu. Ila kumbukumbu sawa tena: filamu tano ni na Wayne.

#28 Fundi Mikanda

Tano na Ford pia. Ford: How Green Was My Valley, Rio Grande, The Quiet Man, The Long Gray Line, The Wings of Eagles. Wayne: Rio Grande, The Quiet Man, The Wings of Eagles, McLintock!, Big Jake. Tatu zinaingiliana.

#29 Hakimu wa Soko

Nimekubali. Lakini hoja ya Ford haisimami. Mwaka mmoja tu baada ya The Quiet Man, Ford huyo huyo alitoa Mogambo, iliyopigwa huku kwetu, Kenya na Tanganyika. Ava Gardner akateuliwa mwigizaji bora, Grace Kelly akateuliwa msaidizi. Kama Ford alikuwa anawafunika wanawake, hao wawili walipitaje?

#30 Fundi Mikanda

Kwa sababu hakuwa akiwapenda hao.

#31 Chuma Chakavu

Hapo Fundi umenimaliza.

#32 Nesi wa Galway

Kuna jambo lazima tulizungumze kabla uzi haujafungwa. Mwisho wa filamu, O'Hara anamnong'oneza Wayne kitu sikioni. Wayne anashtuka kweli, uso mzima unabadilika. Ford ndiye aliyempa maneno. O'Hara alikataa kuyasema, ni maneno ya aibu, akakubali kwa sharti moja tu: wao watatu wasimwambie mtu. Ford alifariki 1973, Wayne 1979, yeye 2015. Hakuna aliyesema. Kule Cong kila mtu ana jibu lake na kila mtu ana uhakika.

#33 Beki Tatu

Miaka 64! Mimi siri ya usajili siwezi kukaa nayo siku mbili.

#34 Mwalimu Muheza

Nina wazo. Kuna tukio la mtoni, Mary Kate anamweleza padri matatizo ya kitanda chake. Padri anavua samaki. Mary Kate anashindwa kuyasema kwa Kiingereza, anaomba kuyasema kwa Kiayalandi. Ni tukio la kweli kabisa kwa mtu mwenye lugha mbili. Mimi ni Mbondei. Nimeishi kwa Kiswahili maisha yangu yote, lakini daktari aliponiambia habari za marehemu mke wangu nilitoka nje nikampigia dada yangu, na kilichonitoka kilikuwa Kibondei. Je, haiwezekani kwamba hata mnong'ono ule ulikuwa kwa Kiayalandi? Kwenye filamu hiyo, jambo la ndani kabisa ndivyo linavyosemwa.

#35 Makwaia Mdogo

Pole Mwalimu. Wazo zuri mno, lakini Wayne hakujua Kiayalandi. Uso ule ni wa mtu aliyeelewa kila neno.

#36 Mwalimu Muheza

Au wa mtu aliyetarajia neno la Kiingereza akasikia sauti asiyoitarajia.

#37 Makwaia Mdogo

Mwalimu, hilo nitalala nalo.

#38 Kandili

Nadhani siri hiyo inajibu swali la Kisiki kwa namna fulani. Mwanamke anayeweza kukaa na neno miaka yote hiyo hakuwa mtu wa kujipendekeza kwa wapiga kura. Mwaka 1957 gazeti la udaku la Confidential lilipofikishwa mahakamani Los Angeles, wasanii walijificha. Waliosimama kizimbani kutoa ushahidi ni yeye na Dorothy Dandridge. Gazeti lilidai alikuwa akifanya mambo ya aibu ndani ya sinema fulani Hollywood. Akaleta pasipoti: siku hizo alikuwa Hispania, kazini.

#39 Kisiki wa Ngamiani

Kandili, sasa umerudi upande wangu, mdomo na msimamo.

#40 Kandili

Nimesogea. Sijarudi.

#41 Mwana Sur

Na msisahau maisha baada ya filamu. Mwaka 1968 aliolewa na rubani Charles Blair, yule aliyeruka peke yake juu ya Ncha ya Kaskazini mwaka 1951. Walikuwa na shirika dogo la ndege za kutua majini, Antilles Air Boats, Visiwa vya Virgin. Septemba 1978 Blair akafa kwenye ajali ya ndege yao. O'Hara akashika urais wa shirika, mwanamke wa kwanza Marekani kuongoza shirika la ndege lenye safari za ratiba. Baba yangu alikuwa fundi wa ndege Seeb, nilipomsimulia hili alinyamaza, kisha akauliza: na ndege ziliendelea kuruka? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi huyo ni mtu.

#42 Mzee wa Vuga

Na mimi nichangie la mwisho, macho yamechoka. Usiku ule wa Novemba 2014 alipopewa Oscar ya heshima, ukumbini alikuwepo pia Harry Belafonte akipewa tuzo ya utu. Ndiye aliyeimba Malaika na Miriam Makeba kwenye santuri ya 1965. Tuliipiga santuri hiyo mpaka ikakwaruza. Nikiwaza kwamba Mary Kate na sauti iliyoimba Kiswahili chetu walikuwa chumba kimoja, nafurahi, basi tu.

#43 Hakimu wa Soko

Mzee, hilo sina la kulisahihisha. Niongeze tu kwamba hakuwa wa peke yake: Myrna Loy naye alipewa ya heshima mwaka 1991, hajawahi kuteuliwa. Kwa hiyo huenda ni ugonjwa wa wapiga kura wenyewe. Mwanamke akifanya kazi yake ionekane rahisi, wanadhani ni rahisi.

#44 Fundi Mikanda

Bado nasema Ford.

#45 Nesi wa Galway

Bado nasema 1946.

#46 Mama Wawili

Nimemwonyesha mume wangu. Ameangalia mpaka mwisho, hakusema kitu. Leo asubuhi kaniuliza jina la yule shangazi.

#47 Kisiki wa Ngamiani

Dada, nimefurahi mpaka nimesimama.

Nimerudi kwa mama jioni hii nikamsomea uzi wenu, wote, mpaka wa Mwalimu na Kibondei chake. Nikamwuliza anadhani O'Hara alinong'ona nini. Akaomba nimrudishie kipande kile. Nikakirudisha mara nne. Ya nne akasema usimwangalie mwanamume, nyie wote mnamwangalia mwanamume. Mwangalie yeye akishamaliza kusema, anavyogeuka kuelekea nyumbani bila kungoja jibu.

Nikamwuliza tena, alisema nini basi? Mama kasema anajua, lakini hatasema.

#48 Chuma Chakavu

Mkuu, mrudishie mara ya tano!